Kwa nini wanandoa wenye kazi wanaishia mtoto mmoja ilhali serikali inawalipa: jibu kutoka Köln

Ndugu mleta mada, umeuliza swali ambalo ndugu zangu wa Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, huniuliza karibu kila tunapozungumza kwa simu: inakuwaje wanandoa wa Ulaya wana kazi, wana bima ya afya, serikali inawalipa posho kwa kila mtoto, na bado wanaishia mtoto mmoja au hawazai kabisa? Ukaongeza kwamba wewe ukipewa fedha hizo ungezaa sita bila kusita, na mwishoni ukauliza kama mtu anaweza kulipwa posho hiyo kwa watoto aliowaacha nyumbani. Baadhi ya wadau wamekujibu kwamba ni ubinafsi, wengine kwamba Wazungu wameacha dini na wanalea mbwa. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Köln, Ujerumani, mume wangu ni dereva wa treni za mjini, na tuna binti mmoja. Nitajibu kwa yale ninayoishi nayo, kwa kirefu, kwa kuwa majibu mafupi ndiyo yaliyoupotosha uzi huu.

Tuanze na fedha zenyewe, maana wengi wanazitaja bila kuzifahamu. Posho ya mtoto, ambayo hapa huitwa Kindergeld, ilikuwa yuro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto mwaka 2025, na hulipwa mpaka mtoto afikishe miaka 18, au 25 akiwa bado anasoma. Ukizigeuza kuwa shilingi unapata zaidi ya laki saba, yaani zaidi ya kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania, ambacho kilipandishwa hadi shilingi 500,000 mwezi Julai 2025. Kwa hiyo naelewa kwa nini mtu aliyeko Kariakoo akipiga hesabu hiyo anatuona wajinga. Lakini yuro zangu hazitumiki Kariakoo. Zinalipwa hapa na zinaliwa hapa hapa, na sehemu kubwa inaishia kwenye tofauti ya kodi kati ya nyumba ya chumba kimoja cha kulala na nyumba yenye chumba cha mtoto. Pamoja na posho hiyo kuna Elterngeld, malipo ya mzazi anayesimama kazi ili alee mtoto mchanga, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 65 ya mshahara wake baada ya makato, si chini ya yuro 300 wala si zaidi ya 1,800 kwa mwezi, kwa miezi 12, na miezi miwili zaidi ikiwa mzazi wa pili naye atashika zamu. Viwango hivyo vya 300 na 1,800 viliwekwa mpango ulipoanza mwaka 2007 na havijapandishwa tangu hapo, ingawa bei ya kila kitu kinachohusu mtoto imepanda.

Sisemi kwamba mipango hii haisaidii kitu. Mwaka 2006 wastani wa watoto kwa kila mwanamke Ujerumani ulikuwa 1.33, mwaka 2016 ulifika 1.59. Katika kipindi hicho ndipo Elterngeld ilipoanza, na ndipo sheria ilipompa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata nafasi ya chekechea, kuanzia Agosti 2013. Wahamiaji nao walichangia kuinua wastani huo, lakini ni wazi kwamba wanawake wengi waliokuwa wakiogopa kupoteza kazi walipata ujasiri wa kuzaa. Jambo la kujiuliza ni lililofuata. Januari 2023 posho ya mtoto wa kwanza na wa pili ilipandishwa kutoka yuro 219 hadi 250, nao wastani wa uzazi, uliokuwa 1.58 mwaka 2021, ukashuka mpaka 1.35 mwaka 2024. Katika jiji la Berlin, ambako chekechea hailipiwi ada, ulikuwa 1.21, wa chini kuliko jimbo lolote. Fedha ilipanda, watoto wakapungua. Mwenye kusema ni suala la fedha tu hawezi kuieleza miaka hiyo mitatu, na mwenye kusema ni ubinafsi anatakiwa aeleze ubinafsi huo ulikuwa wapi mwaka 2016.

Jibu langu ni kwamba serikali inalipia kile kinachoweza kulipiwa kwa urahisi, nacho ni mwaka wa kwanza, ilhali kinachowakatisha tamaa wanandoa wenye kazi ni miaka kumi inayofuata, ambayo ndani yake hakupungui fedha kama kunavyopungua mtu. Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa nyumbani, mtoto ananyonya, malipo yanaingia, muuguzi mkunga anakuja nyumbani kumpima mtoto na kunikagua kidonda bila mimi kulipa chochote. Kusema kweli sikuwahi kutunzwa namna ile maishani mwangu. Kama mtu angeniuliza wakati ule kama nitazaa tena, ningemjibu ndiyo.

Mambo yalianza malipo yalipokwisha. Katika jimbo letu mwaka wa chekechea huanza tarehe 1 Agosti, na nafasi nyingi hutolewa wakati huo. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa kumi anamaliza miezi ya Elterngeld huku chekechea zimejaa mpaka Agosti ya mwaka unaofuata. Sheria inasema ana haki ya nafasi, na unaweza kwenda mahakamani kuidai, lakini mahakama haiwezi kumzaa mwalimu wa chekechea pale ambapo hayupo. Ukishapata nafasi, kuna kipindi cha kumzoesha mtoto, ambacho huchukua wiki kadhaa: mzazi anakaa kwenye kiti cha futi moja pembeni mwa chumba, siku ya kwanza saa moja pamoja na mtoto, siku nyingine anatoka dakika kumi anarudi, na hivyo hivyo mpaka mtoto akubali. Ni utaratibu mzuri kwa mtoto, na mimi mwenyewe ninauunga mkono. Ila mwajiri anakuwa amekwisha kukupanga kwenye zamu, malipo ya serikali yamekwisha, na wiki hizo hazina jina kwenye karatasi yoyote ya mshahara.

Baada ya hapo huja maradhi. Mtoto wa mwaka mmoja akiingia chekechea, kipindi cha baridi hapiti mwezi bila homa, macho mekundu au kuharisha, na kanuni ya chekechea yetu, kama zilivyo nyingi, ni kwamba aliyetapika au kuharisha harudi mpaka zipite saa 48 tangu dalili za mwisho. Serikali imelifikiria hilo pia: kwa mwaka 2024 na 2025 kila mzazi mwenye bima ya umma alikuwa na haki ya siku 15 za kukaa na mtoto mgonjwa, na bima humlipa takriban asilimia 90 ya mshahara uliopotea. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini ninapopiga simu kazini saa kumi na moja alfajiri kusema sitaweza kuja, zamu yangu haiendi kwa serikali, inakwenda kwa mwenzangu aliyelala baada ya zamu ya usiku, ambaye naye ana watoto wawili, na wazee wale lazima waamshwe, wageuzwe, wapewe dawa. Mara ya kwanza anakuambia pole. Ifikapo mara ya tano hasemi kitu, na ukimya huo ndio unaofanya mwanamke aamue peke yake, pale pale kwenye simu, kwamba huyu mmoja anatosha. Hakuna posho inayolipa deni la namna hiyo.

Siku nyingine mtoto ni mzima kabisa na mgonjwa ni mwalimu. Ujumbe huingia kwenye simu yetu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi: kwa sababu ya uhaba wa wafanyakazi kundi la watoto wadogo limefungwa leo, wazazi wanaoweza wawabakishe watoto nyumbani. Neno «wanaoweza» limewekwa kwa adabu, na kila mzazi anajua kwamba atakayempeleka mtoto wake siku hiyo ataangaliwa. Mkataba wetu na chekechea ni wa saa 45 kwa wiki, lakini kwa miezi kadhaa walifunga saa nane na nusu mchana badala ya saa kumi na nusu. Zamu yangu ya asubuhi huanza saa kumi na mbili, kabla chekechea haijafungua. Zamu ya mchana humalizika saa tatu usiku, ilipokwisha kufungwa zamani. Mume wangu naye ana zamu. Kwa hiyo tunaishi kwa kupokezana: mmoja anaingia, mwingine anatoka, tunapeana mtoto mlangoni pamoja na taarifa kwamba amekula nini na dawa ya mwisho alipewa saa ngapi, kama wauguzi wawili wanavyokabidhiana wodi. Watu waliopitisha wiki nzima bila kuketi meza moja hawaanzi kuzungumzia mtoto wa pili.

Sasa niwaeleze jambo lililonithibitishia kwamba tatizo si kiasi cha posho. Binti yetu alipokuwa na mwaka na nusu mama yangu alikuja kutoka Muheza kwa viza ya matembezi, ambayo kikomo chake ni siku 90. Fedha iliyoingia nyumbani haikuongezeka hata senti moja; tena ilipungua, kwani tulilipa tiketi na bima yake ya safari. Lakini nyumba ilitulia. Mtoto akiamka na homa, bibi yake yupo. Chekechea ikifunga mapema, bibi anasukuma kigari mpaka kwenye lango, hajui Kijerumani zaidi ya salamu, na walimu wanamkabidhi mtoto kwa kuwa tuliandika jina lake kwenye fomu. Nilirudi kazini na kupokea zamu ambazo nilikuwa nikizikwepa, mume wangu akamaliza kozi aliyokuwa ameiahirisha, na kwa mara ya kwanza tukazungumza kwa uzito juu ya kumpatia binti yetu mdogo wake. Siku 90 zilipokwisha mama alirudi kama sheria inavyotaka, maana viza ile haiongezwi kwa sababu ya mjukuu. Posho iliendelea kuingia kila mwezi kama kawaida, nayo mazungumzo ya mtoto wa pili yakaisha katika wiki ya kwanza ya homa.

Wajerumani wenzangu kazini hawana shida ya viza, lakini wengi wana shida hiyo hiyo kwa njia nyingine. Mama mzazi wa mmoja wao yuko umbali wa saa tano kwa treni. Wa mwingine ana miaka 62 na bado anafanya kazi, kwa kuwa umri wa kustaafu unapandishwa hatua kwa hatua kuelekea 67. Mwanamke hapa huzaa mtoto wa kwanza kwa wastani akiwa na miaka zaidi ya 30, na mara nyingi mama yake naye alichelewa. Matokeo yake, bibi anayehitajika sana ama bado yuko ofisini, ama amekwisha kuzeeka kiasi cha kuhitaji yeye kutunzwa. Nimeshuhudia binti akimaliza kumwosha mama yake katika nyumba yetu ya wazee kisha akatoka mbio kuwahi lango la chekechea.

Wazee ninaowatunza wamenifundisha asili ya mambo haya kuliko gazeti lolote. Bibi mmoja aliyezaa wanne aliniambia kwamba hakuwahi kuona ugumu, kwa sababu hakuwa na kazi na hakutarajiwa kuwa nayo. Hadi mwaka 1977 sheria ya familia ya Ujerumani Magharibi ilimruhusu mke kufanya kazi ya kuajiriwa pale tu isipogongana na wajibu wake wa ndoa na nyumba. Shule zilifunga adhuhuri kwa kudhaniwa kwamba kuna mama aliyeweka chakula mezani. Sheria ilibadilishwa, ratiba ya nchi ikabaki. Mpaka leo likizo za shule katika jimbo letu ni takriban wiki 12 kwa mwaka, ilhali mfanyakazi mwenye bahati ana siku 30 za likizo, yaani wiki sita. Piga hesabu mwenyewe: wazazi wawili wakigawana likizo zao ili mtoto asibaki peke yake, zinatosha kwa shida, kwa sharti kwamba baba na mama hawapumziki pamoja hata siku moja. Haki ya mtoto wa darasa la kwanza kukaa shuleni kutwa ilipitishwa kisheria mwaka 2021 na kupangiwa kuanza Agosti 2026, nayo ni nzuri, lakini walimu na majengo havitoki kwenye gazeti la serikali.

Kodi nayo inavuta kule kule. Tangu mwaka 1958 mume na mke hapa hutozwa kodi kwa pamoja, kwa namna inayowapunguzia sana wakiwa mmoja analipwa vizuri na mwingine kidogo au hana kipato. Mara nyingi mwenye mshahara mdogo huwekwa daraja la tano la kodi, na makato yake ya kila mwezi ni makubwa mno. Nilipotaka kuongeza saa zangu za kazi kutoka nusu hadi robo tatu, tuliketi na karatasi ya mshahara na kukuta kwamba kinachobaki baada ya kodi na ada ya chekechea hakilingani na uchovu. Wanawake wengi hufika kwenye hesabu hiyo, na ndiyo maana takriban theluthi mbili ya akina mama walio kazini Ujerumani wako kwenye ajira ya saa pungufu, na karibu robo tu ya wapokeaji wa Elterngeld ni wanaume, wengi wao kwa ile miezi miwili. Saa pungufu leo ni pensheni pungufu kesho. Mimi ninawaosha wanawake ambao pensheni yao haitoshi kulipia kitanda walicholalia, kwa hiyo mtu asinieleze kwamba mwanamke anayeogopa mtoto wa pili anaogopa kivuli.

Suala la nyumba nitalipitia haraka kwa kuwa linajulikana. Katika miji kama Köln mkataba wa zamani wa nyumba kubwa mara nyingi ni wa bei nafuu kuliko mkataba mpya wa nyumba ndogo, kwa hiyo wajane hubaki peke yao katika vyumba vinne huku familia zikibanana katika viwili. Hakuna aliyekosea hapo, na hakuna anayehama.

Kuna mdau aliyesema Ujerumani ni wabahili tu, tutazame nchi za kaskazini. Sawa, tuzitazame. Finland ilikuwa na wastani wa 1.87 mwaka 2010, ikashuka hadi 1.26 mwaka 2023, ilhali mwaka 2022 ilikuwa imetoa siku 160 za likizo ya uzazi kwa kila mzazi, baba na mama sawasawa, na chekechea zake zinasifiwa. Hili linanilazimu nikubali kwamba hata mikono ya kusaidia kulea ikipatikana haitoshi peke yake: vijana wanachelewa kupata ajira ya kudumu, wanachelewa kupata mwenza, na wengine wameona wanaweza kuishi vizuri bila mtoto na hawalazimiki kumwomba mtu radhi. Upande wa pili kuna Korea Kusini, iliyofika 0.72 mwaka 2023 huku wazazi wakipewa fedha taslimu tangu mtoto anazaliwa. Huko wazazi wanamaliza mishahara kwenye masomo ya ziada na saa za kazi hazina mwisho. Nchi hizi tatu hazifanani, ila katika zote posho ni rahisi kutangaza kuliko kubadili saa za kazi.

Kwa wale wanaoandika kwamba huku kwetu hatuna shida hiyo, nawaomba watazame takwimu kabla ya kujisifu. Kenya ilikuwa na wastani wa zaidi ya watoto wanane kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 3.4, na mijini ni wachache zaidi. Tanzania ilikuwa 4.8 mwaka huo huo, na tofauti ya mjini na kijijini inaonekana kwa macho. Hakuna aliyewalipa wala kuwanyima. Wanandoa wa Nairobi na Dar es Salaam wenye kazi wanazaa wawili kwa sababu ya ada, kodi ya nyumba na foleni, na hata hao wawili wanawezekana kwa kuwa kuna dada wa kazi analala jikoni, analipwa kidogo, na mara nyingi ana mtoto wake mwenyewe aliyeachwa kijijini kwa bibi. Mimi sitamani kuuleta mpango huo Köln, ingawa nakiri kwamba zipo asubuhi nilizomtamani dada.

Mwisho, lile swali lako kuhusu watoto waliobaki nyumbani. Kwa kawaida Kindergeld hulipwa kwa mtoto anayeishi Ujerumani au katika nchi za Umoja wa Ulaya na chache zinazoungana nazo. Mtoto anayeishi Tanzania hahesabiwi, hata kama wewe unalipa kodi zote. Tena mtoto mwenye kibali cha kuishi hapa akikaa nje kwa zaidi ya miezi sita, kwa kawaida kibali chake hufa. Pamoja na hayo, ninazijua familia za wenzetu, wazazi wote wawili wakiwa kwenye zamu kama sisi, zilizompeleka mtoto kwa bibi yake Tanga au Mombasa mpaka afikie umri wa shule. Wanajua posho itakatwa, wanajua karatasi zitasumbua baadaye, wanatuma fedha kila mwezi kutoka mfukoni mwao, na wamekubali.